Sufuria Lililoota Mvi

Neno lenyewe Asteria alilisikia kwenye foleni ya mashine ya kusaga, saa mbili asubuhi: sufuria namba nne la kikundi limeota mvi. Aliyelisema hakucheka. Waliolisikia hawakucheka pia. Mama mmoja alikaza kanga yake kiunoni, akabeba mahindi yake hayajasagwa, akaondoka.

Kijiji cha Mwabulugu, kando ya njia ya kwenda Bulyanhulu, hakikosi maneno. Kuna la mchimbaji aliyeonana na marehemu baba yake chini ya duara, shimo la dhahabu, kuna la mbuzi aliyeita mtu kwa jina. Asteria huyasikia yote na kuyaacha hapohapo yalipo. Hili lilimfuata. Alipanda nalo pikipiki, akafika nalo ofisini, akafungua faili akalikuta limemtangulia. Maana namba nne ile aliipaka yeye mwenyewe, kwa rangi nyekundu ya mafuta, kwenye mkono wa sufuria.

Yeye ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Miaka miwili nyuma ndiye aliyewafundisha akina mama na baba wa kikundi kuazimana vitu vyao bila kugombana: masufuria makubwa sita, maturubai mawili, viti mia moja, na machepe ya kuchimbia kaburi. Daftari moja, stoo moja, mtunzaji mmoja. Mtunzaji ni Bibi Apolonia, mjane, macho mekundu kwa miaka sabini ya moshi wa kinyesi cha ng'ombe.

Saa tatu simu ikalia. Alikuwa Makoye, mwenyekiti wa kikundi.

"Mama Blessing, kesho saa sita mchana tuna kikao. Wasungusungu watakuwepo. Bibi ataambiwa ahame."

"Kwa kosa gani?"

"Martina anatetemeka. Anayewapikia watoto wa chekechea uji. Anatetemeka mikono mpaka kidevu, na anapikia namba nne. Sasa sufuria limeota nywele za mtu mzima. Niambie wewe, hilo sufuria linalala nyumba ya nani?"

Asteria alizaliwa huku. Alijua kwamba bibi wa macho mekundu akishaambiwa ahame na wasungusungu, wale walinzi wa jadi wa kijiji, jambo haliishii kwenye kuhama. Kuna mapanga. Kuna shamba litakalobaki bila mwenyewe. Na mtoto wake, Blessing, anakunywa uji uleule.

"Kikao kiwepo," alisema. "Lakini mtu asimsogelee bibi mpaka mimi nifike."

"Basi uje na jibu, afisa. Usije na karatasi."

Nyumba ya Bibi Apolonia ilikuwa kimya, ukimya ambao si wa mchana. Watoto wawili waliokuwa wanakuja njiani waliiona, wakakata kona, wakapitia kwenye majaruba ya mpunga. Bibi alikaa kwenye kigoda mlangoni, ufunguo wa stoo umefungwa kwenye ncha ya kanga.

"Shikamoo, Bibi."

Bibi aliinua uso taratibu, kama mtu anayekumbuka salamu ile hujibiwaje. "Marahaba, mayu, mama yangu. Wewe ni wa kwanza kunisalimia tangu Jumapili."

Akafungua stoo. Masufuria matano yalikuwa yamepangwa yakiwa yamefunikwa. La sita, lile namba nne, lilikuwa peke yake pembeni, juu yake gunia.

"Jana nililiosha," Bibi alisema. "Nikalisugua, likawa jeupe. Nikaenda kuchota maji, niliporudi lilikuwa hivyo. Leo asubuhi nimelisugua tena. Toa gunia uone mwenyewe. Mimi silitoi."

Asteria alitoa gunia.

Ndani ya sufuria, chini kabisa, kwenye duara lisilozidi kiganja, zilikuwa zimesimama nywele. Nyeupe, nyembamba, laini kama za mtoto mchanga, ila ni za kizee kwa rangi. Alishika ukingo, akaliinamisha kwenye mwanga wa mlango, mkono mmoja ukaingia ndani kulizuia lisimtoroke. Unywele mmoja ulikatika, ukaanguka, ukawa vumbi. Alikodoa macho. Pale ulipokatika, kitu cheupe kilikuwa kinachungulia. Hakikuwepo kabla hajavuta pumzi, na sasa kilikuwepo.

Aliliweka chini polepole.

"Linaota," alisema.

"Linaota mchana kweupe," alijibu Bibi. "Na watu wanataka niseme nimepanda nini."

Asteria alinusa. Halikunuka chochote, si dawa ya josho, si chokaa, si sabuni. Akafungua daftari kwenye goti. Mwandiko wa Bibi ulikuwa mkubwa, wa mtu wa darasa la nne. Tarehe mbili hadi tano, namba nne, Makoye, wapalilia shamba. Tarehe sita hadi nane, namba nne, chekechea. Kisha mstari mtupu. Kisha tarehe kumi na nane mpaka jana, chekechea tena.

"Bibi, hapa katikati lilikuwa wapi?"

"Msibani. Kwa marehemu Mayala. Alifariki tarehe tisa."

"Mbona hukuandika?"

Bibi alimtazama kama mtoto aliyeuliza kwa nini jua linatoka. "Cha msiba hakiandikwi. Utampaje mfiwa kalamu, asaini sufuria na machozi yanamtoka? Ulikubali mwenyewe siku ile, ukasema mila zenu ziheshimiwe. Cha msiba natundika gunzi." Alionyesha msumari ukutani. "Sufuria likitoka, gunzi moja. Likirudi, gunzi linaingia jikoni, linaungua."

Ni kweli alikubali.

"Msiba wa Mayala ulitundika magunzi mangapi?"

"Matatu. Masufuria mawili waliyachukua asubuhi, moja mchana. Walikuja wengi, wanaingia wanatoka, mimi nilikuwa nalia kama wao. Ila hilo namba nne lilirudi limesuguliwa kwa mchanga mpaka linang'aa. Nikasema, leo kuna mtu ameheshimu vyombo vya watu."

Asteria aliandika hayo yote. Kisha akafunika sufuria kwa mfuniko wake, juu akaweka jiwe.

Kwa Martina kabla hata hajapiga hodi alisikia mlio. Ng'e-ng'e-ng'e-ng'e. Ulikuwa wa chuma kwenye chuma, mwepesi, usiokoma. Martina alikuwa amekaa jikoni anakoroga mboga, na mwiko wa bati ulikuwa unagonga wenyewe ukingo wa sufuria dogo la bati, bila yeye kutaka.

"Ukisikia huo mlio ujue ni mimi," Martina alisema, akajaribu kucheka. Fizi zake zilikuwa zimevimba, nyekundu. "Watoto wananiita saa ya ukutani."

"Ilianza lini, dada?"

"Kama tarehe kumi na tano. Kumi na sita. Kwanza mdomo, nikawa kama nimenyonya msumari. Halafu usingizi ukakata. Halafu hii mikono."

"Tarehe kumi na tano ulikuwa hujalirudia namba nne. Ulilichukua kumi na nane."

Martina aliacha kukoroga. Mkono uliendelea wenyewe. "Basi sijui. Labda bibi alianza kunitafuta kabla."

"Hizo nywele hukuziona wakati unapika?"

"Nilikuwa naona ukungu mweupe kila nikilitoa. Nikajua ni ukoko wa uji. Nasugua, napika."

Jiko lilikuwa la udongo, na joto lake lilimkaba Asteria koo. Alitafuta hewa, akatazama juu. Matundu ya moshi, yale wanayoacha chini ya paa, yalikuwa yamezibwa yote kwa udongo. Udongo mpya, bado una alama za vidole.

"Mbona mmeziba?"

"Mume wangu. Anasema popo."

Mumewe, Thobias, alikuwa nje anaosha guta lake, ile baiskeli ya matairi matatu anayobebea mizigo ya watu. Aliamkia vizuri, akauliza habari za Blessing, akasema inauma sana mtu kuumwa hivi na aliyemroga anajulikana. Asteria alimshukuru, akaenda zake. Alijua kuna kitu amekiona mle ndani, ila alikuwa bado hajajua ni kipi.

Kwa Makoye hakukaa sana. Mwenyekiti alikuwa zizini, na alipoulizwa kuhusu namba nne alivimba.

"Kwa hiyo sasa ni mimi?"

"Wewe uko kwenye daftari. Tarehe mbili hadi tano. Uliwapikia wapalilia nini?"

"Ugali na dagaa. Waulize, wako hai wote na bado wananidai dagaa."

"Hukuchanganyia dawa ya ng'ombe humo?"

"Afisa, dawa ya josho lita moja nainunua bei ya mbuzi. Niichanganye kwenye sufuria la kupikia ugali, mimi nimelogwa?" Neno lenyewe likamrudia. "Nilirudisha tarehe tano. Martina alipika tarehe sita, saba, nane. Alitetemeka?"

"Hapana."

"Basi nifute hapo kwenye karatasi yako."

Asteria alimfuta. Makoye alikuwa mkali, lakini tarehe zilikuwa upande wake. Kilichoingia kwenye sufuria kiliingia baada ya tarehe nane na kabla ya kumi na nane, kwenye ule mstari mtupu.

Eunice, mjane wa Mayala, alikuwa bado amefunga kitambaa cheusi. Asteria aliketi naye mkekani kwanza, akampa pole. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, masufuria ya kikundi yalikuwa mangapi.

"Mawili," alisema Eunice.

"Si matatu?"

"Mawili, mama. La ugali na la maharage. Wali tulipikia la kanisani. Nakumbuka kwa sababu maharage yalichelewa, watu wa Samuye wakataka kuondoka hawajala, nikasema laiti tungekuwa na sufuria la tatu. Nimelala kwenye mkeka wa matanga nawaza sufuria. Ndiyo nikumbuke vibaya?"

"Nani alikwenda kuyachukua?"

"Kwenye msiba nani anauliza? Anayesimama anakwenda."

Magunzi matatu, masufuria mawili. Mtu alitumia jina la marehemu kuchukua la tatu, akijua kwamba hapo hakuna atakayemwandika.

Asteria alisimama kuaga, akanyoosha mkono. Eunice akaushika, halafu akauachia kama ameshika kaa.

"Mama Blessing. Pete yako."

Aliitazama. Pete yake ya ndoa, ya dhahabu, ilikuwa na doa upande wa kiganjani. Jeupe. Alilisugua kwa kanga. Halikutoka. Alipogeuza kidole aliona weupe ule umekwishatambaa nusu ya pete, kimya, wakati yeye anazunguka nyumba za watu anauliza maswali.

Pete nayo imeota mvi. Alimuwaza Blessing, kikombe chake cha uji, meno yake madogo. Kwa muda mfupi, nao asingependa mtu aujue, Asteria aliamini kila kilichosemwa mashineni.

Kisha akakumbuka mkono gani uliingia ndani ya sufuria: huu wenye pete.

Akaenda kwa Rebeka, anayenunua dhahabu senta, kwenye kibanda chenye mzani mdogo na pazia la maua. Rebeka aliitazama pete bila kuigusa.

"Umegusa zebaki, shoga. Ivue. Iweke kwenye kichupa ufunge. Na usije ukaipasha moto kuisafisha, usije ukathubutu."

"Zebaki ile ya mwaloni, wanakooshea dhahabu?"

"Kuna nyingine? Wanaosha udongo, wanatia zebaki, inakamata dhahabu. Halafu wanachoma, zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Inapaa huioni. Inaingia puani huisikii. Mtu anaanza kutetemeka, fizi zinavimba, mnasema karogwa." Alishusha pazia. "Imekugusa wapi?"

"Kwenye sufuria. La bati jeupe, hili la alumini, la kupikia. Linaota nywele."

Rebeka alikaa chini. "Nani mjinga amechomea kwenye sufuria? Zebaki inakula sufuria. Ukilikwaruza tu, likapata maji, linaota ule uchafu mweupe. Wenyewe wazoefu wanachomea kwenye chepe la chuma, uwanjani, upepo ukiwa mgongoni. Anayechomea kwenye sufuria amejifunza wiki hii. Na wageni wa kazi wote wana woga mmoja, wanafikiri upepo utawachukulia dhahabu. Wanajifungia ndani. Wanaziba mpaka tundu la—"

Aliacha, kwa sababu Asteria alikuwa ameshasimama.

Aliona tena matundu yale. Udongo mpya, alama za vidole. Na lile sufuria lililosuguliwa kwa mchanga mpaka likang'aa, hilo nalo lilikuwa na maana yake. Chombo cha msiba hurudi na masizi, hurudi na ukoko, watu wamechoka. Hili lilirudi safi kwa sababu aliyelitumia alikuwa na cha kufuta. Na kwa kulisugua ndiyo akaliamsha.

Thobias alikuwa anafunga kamba kwenye guta. Jua lilikuwa bado juu. Kutoka jikoni ule mlio ulikuwa unasikika, ng'e-ng'e-ng'e.

"Shemeji," Asteria alisema, "popo wamehama?"

"Popo gani?"

"Wa jikoni."

Thobias alikaza kamba iliyokwisha kukaza. "Walihama."

"Pamba ilipokosa mwaka huu, ulikwenda wapi?"

"Nilibeba mizigo."

"Mizigo ya wapi?"

"Ya mwaloni."

"Wakakulipa nini?"

Thobias alianza kuikaza kamba tena.

"Wakakulipa udongo wenye dhahabu," Asteria alisema. "Na chupa ndogo ya zebaki. Wakakuonyesha mara moja tu. Ukaona ukichomea nje wataona wengi. Tarehe tisa kijiji chote kiko kwa Mayala, ukaenda na guta mchana, ukasema namba nne la msiba. Ukachoma mara ngapi?"

"Mara mbili." Sauti ilitoka kama si yake. "Martina alikuwa ndani anamenya viazi. Nilimwambia afunge mlango, asimwambie mtu."

Wakasikiliza mwiko.

"Nililisafisha," alisema Thobias. "Kanuni ya kikundi si inasema chombo kirudishwe kikiwa safi? Nililisugua asubuhi nzima."

"Na alipoanza kutetemeka?"

Thobias alikaa kwenye ukingo wa guta. "Watu walisema ni bibi. Nikashukuru. Kila aliyekuja kumpa pole mke wangu alisema ni bibi, na mimi nikashukuru."

"Wewe utampeleka Martina hospitali sasa hivi, kwa hili guta. Utamwambia daktari neno zebaki, usimfiche. Kesho saa sita utasimama uliseme mbele ya watu. Usiposimama nitasimama mimi, na mimi nitataja na matundu."

Kesho yake saa sita wasungusungu walikuja na fimbo zao, wakakaa kivulini. Bibi Apolonia alikaa upande wa pili peke yake, kigoda chake amekibeba mwenyewe. Katikati palikuwa na sufuria lenye jiwe juu yake. Hakuna aliyelikaribia.

Thobias alichelewa. Dakika zilipita, Makoye akakohoa mara mbili, mzee mmoja akasimama na fimbo. Ndipo guta likaonekana. Thobias aliteremka, akasimama mahali wanaposimama washtakiwa bila kuambiwa, akasema yote. Alisema vibaya, akirukaruka, lakini alisema. Martina amelazwa. Daktari amesema kutetemeka kunaweza kupungua; amesema kunaweza, hakusema kutapungua.

Makoye alivua kofia, akaigeuza mikononi kama anatafuta ilikotengenezwa.

Asteria naye alisimama. "Kosa moja ni langu. Mstari mtupu niliukubali mimi. Nilidhani naheshimu msiba." Akafungua daftari ukurasa wa mbele kabisa, akawaambia wataje kanuni mpya, yeye ataandika. Walitaja mmoja mmoja. Walipomaliza aligeuka. "Bibi, wewe ndiye mtunzaji. Una la kuongeza?"

Bibi Apolonia alikuwa anafungua fundo la kanga. Alitoa ufunguo, akauweka juu ya daftari, akausukuma mbele. Akawaambia stoo waitafutie nyumba nyingine. Kisha akasema la kwake, na likaandikwa la mwisho.

Usichomee zebaki ndani ya nyumba, hata mara moja.

Usichomee kwenye chombo chochote cha chakula, chako au cha kikundi.

Usimweke mke, mjamzito wala mtoto karibu na moshi huo. Hauonekani na haunuki.

Chombo kilichoguswa na zebaki usikisugue, usikipashe moto, usikitupe kisimani wala mtoni, usimuuzie wa vyuma chakavu. Kifunike, mwite afisa.

Usitoe chombo bila kuandika, hata cha msiba. Mfiwa asisaini, aandike jirani yake.

Usichukue kitu kwa jina la marehemu.

Mtu akitetemeka usimtafute mchawi. Uliza mumewe anafanya kazi gani.

Usinipite njiani bila kunisalimia.